Leseni Iko Kwenye Ubao Mama

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi au famasi Kwa Mrombo, Arusha, akitaka kubadili kompyuta huanza na chuma: prosesa gani, RAM kiasi gani, SSD au diski ya zamani. Leseni ya programu huulizwa mwisho, na mara nyingi haiulizwi kabisa. Fundi anapewa hela yake ya "kupiga Windows", mashine inawaka, kazi inaendelea. Utaratibu huo una hasara, na tangu 14 Oktoba 2025 hasara yake imeongezeka.

Siku hiyo Microsoft iliacha kutoa bure viraka vya usalama vya Windows 10. Kompyuta hazikuzimika, ila kila tundu jipya litakalogunduliwa litabaki wazi. Mwenye leseni halali ya Windows 10 anapewa Windows 11 bila malipo, lakini mashine yake lazima iwe na TPM 2.0, yaani sehemu maalumu ya kutunza funguo za siri, na kama ni ya Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, zile zilizoanza kutoka 2017. Core i5 ya kizazi cha 6, inayotoa ankara na kutunza hesabu za stoo bila kukwama, imeachwa nje ingawa haina ubovu wowote.

Biashara isiyotaka kubadili chuma inaweza kuendelea kununua viraka kwa miaka 3. Bei ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, kisha huongezeka maradufu kila mwaka: 122, halafu 244. Jumla ni dola 427, na ukimaliza kulipa bado una kompyuta ileile. Kwa duka la kawaida sioni sababu ya kulipa hivyo, labda kama mashine hiyo inaendesha kifaa kisichokubali Windows nyingine.

Kwa wengi basi njia ni kununua nyingine, na kwetu nyingine maana yake ni mtumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, ThinkPad zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya au Dubai. Hapa ndipo pesa zinapopotea bila mwenyewe kujua. Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wakubwa huandika ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama, kwenye chipu ileile inayohifadhi programu ya kuwashia mashine. Ukifuta diski, ufunguo haufutiki. Ukifunga SSD mpya, bado upo. Mashine ya kizazi cha 8 iliyotoka kiwandani na Windows 10 Pro imebeba leseni inayokubalika hadi Windows 11 Pro. Fundi akiweka toleo linalolingana na ufunguo kisha akaunganisha intaneti, Windows hujithibitisha yenyewe.

Hata hivyo mashine kama hizo huwekewa Windows iliyokrakiwa, na mnunuzi hulipia. Amelipa ili apewe kitu haramu badala ya halali alichokwisha kukinunua pamoja na chuma. Krak yenyewe mara nyingi huingia kwa kuzimisha kinga ya virusi, kwenye kompyuta itakayotunza madeni ya wateja na hesabu za kodi. Hili linaniuma kuliko bei yoyote ya Microsoft, kwa sababu kulizuia ni kazi ya dakika chache. Kabla ya kulipa, iwashe mashine, fungua dirisha la amri, andika slmgr /dli. Ukiona neno OEM_DM, leseni imetoka na ubao. Ukiona VOLUME, ujue leseni iliyowekwa hapo ni ya mkataba wa taasisi, na mkataba huo hauuzwi pamoja na kompyuta. Mwambie fundi aangalie kama ubao una ufunguo wake.

Upande wa pili wa leseni kukaa kwenye ubao ni mgumu. Leseni iliyokuja na mashine hufa na mashine. RAM, diski na hata kadi ya picha unaweza kubadili, lakini ubao mama mpya Microsoft huuhesabu kuwa kompyuta mpya, isipokuwa umebadilishwa kwa sababu ya ubovu. Leseni iliyonunuliwa peke yake dukani ndiyo inayohamishika, na kwa sababu hiyo bei yake iko juu.

Programu za hesabu zina desturi yake. Leseni ya Tally, kwa mfano, hufungwa kwenye kompyuta moja, na kabla ya kuihama lazima uisalimishe kwa intaneti ukiwa bado kwenye mashine ya zamani. Ukiifuta diski kwanza, utaanza kuhangaika kuirejesha kupitia akaunti yako, na ikiwa akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya mhasibu aliyekwisha ondoka, siku za kufunga hesabu zitakukuta humo.

Biashara inapokua ikawa na matawi, tuseme mjini na Usa River, hufikia kununua seva, na hapo hesabu hubadilika kabisa. Katika Windows Server 2012, leseni moja ya Standard ilitosha prosesa mbili, ziwe na viini (core) vingapi. Watengenezaji wa chipu walipozidi kubana viini vingi ndani ya prosesa moja, Microsoft ikaanza kuhesabu viini vyenyewe kuanzia toleo la 2016. Kiwango cha chini ni viini 16 kwa seva. Windows Server 2025 Standard ilitangazwa kwa dola 1,176 kwa viini hivyo 16. Seva ya viini 32 inahitaji mara mbili, hata kama watumiaji ni sita tu. Zaidi ya hapo, kila mtumiaji au kifaa kinahitaji kibali chake, na vibali vya toleo la 2019 haviingii kwenye seva ya 2025.

Kwa duka la watumiaji sita, kwa hiyo, muuzaji akikuletea seva ya viini 32 kwa bei ya kuvutia, mwombe ya viini 8 vyenye kasi kubwa. Leseni utalipia viini 16 vilevile, na fedha inayobaki itanunua UPS na diski ya kuhifadhia nakala.