Mwanamke na Vita katika Riwaya ya Gurnah

Riwaya ya kihistoria inayosimulia vita mara nyingi hupimwa kwa mapigano yake. Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa mwaka 2020, inadai kipimo kingine. Vita vyake ni vile vya 1914–1918 katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, lakini mojawapo ya matukio yake mazito halina bunduki. Ilyas anajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari yake, na kumrudisha dada yake, Afiya, kwa walezi wake wa kijijini. Mlezi anapogundua kwamba msichana huyo anajua kuandika, anampiga hata kumvunja mkono. Kinachomwokoa ni barua fupi aliyoiandika mwenyewe.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya riwaya. Mwandishi hahubiri; anaonyesha tu kwamba vita humfikia mwanamke kwa kupitia pengo lililoachwa na mwanamume, na kwamba kujua kusoma na kuandika kwaweza kuwa kosa na wokovu kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, tuna dosari ya kuitaja. Historia inatufundisha kwamba askari wale walisafiri na wake na watoto wao, na kwamba wanawake hao walipika na kulea safarini. Riwaya inapomfuata Hamza jeshini, wanawake hao wanapita kama kundi lisilo na majina. Aliyepewa jina na nafsi ni Afiya, aliyebaki nyumbani. Hivyo nyumba imekuwa ya mwanamke, na uwanja wa vita umekuwa wa mwanamume.

Msomaji wa Eringeti hawezi kuukubali mgawanyo huo kwa urahisi. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewakuta watu majumbani na mashambani. Mama anayekwenda kuvuna mihogo hana mstari wa mbele wala wa nyuma. Shamba lake ndilo uwanja wenyewe.

Tusisahau pia kwamba jeshi la Kongo ya Wabelgiji lililoingia Tabora Septemba 1916 lilitegemea wapagazi. Wake zao waliishije? Hilo ni swali la mtunzi wa Kiswahili wa upande wetu. Gurnah ametufungulia mlango. Kazi ya kuwapa majina waliosahauliwa ni yetu.