Msafiri na Mwenyeji katika Maandishi juu ya Goma

Katika maandishi ya safari juu ya Goma, mhusika mkuu aghalabu ni mlima. Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka tena Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, kisha Mei 2021. Hatuwezi kumlaumu mgeni kwa kuutazama. Ila akisha kuusawiri mlima, huwachora wenyeji kwa kalamu ile ile: umati unaokimbia, wakimbizi wa 1994, askari. Mtu mmoja mwenye neno lake hatumwoni.

Mkondo huu una mizizi mirefu. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani na msafara wake mwishoni mwa 1893, akafika Ziwa Kivu Juni 1894, akaupanda Nyiragongo. Mji wa Goma haukuwapo bado. Kitabu chake kilichapishwa Berlin mwaka 1895. Msafara ulioanzia Pangani haukukosa wasemaji wa Kiswahili, nao waliyaona yale yale aliyoyaona yeye. Simulizi iliyotufikia ni yake. Linganisha na Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901. Humo Sleman bin Mwenyi Chande na Selim bin Abakari wanasimulia wenyewe, ijapokuwa mhariri ni Mjerumani. Safari zao hazikuhusu Kivu, lakini angalau msimulizi anasimulia kwa lugha aliyoitumia njiani.

Hata hivyo, kuandika kwa Kiswahili peke yake si dawa. Msafiri atokaye Dar es Salaam au Mombasa huweza kuingia Goma na kosa jingine. Husalimiwa "Jambo", na kwa kuwa pwani salamu hiyo imeachiwa watalii, hudhani amefanywa mtalii. Kumbe Goma "jambo" ni salamu kamili ya jirani kwa jirani, na huitikiwa "jambo sana". Husikia "batu banakuya", "bitu", "aksanti", akaandika kwamba Kiswahili cha huko kimevunjika. Kimevunjika wapi? Asemaye "batu" husema "banakuya". Upatanisho umetimia, ila kiambishi ni ba- badala ya wa-. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu angeliona hilo.

Hasara yake si ya sarufi tu. Asiyesikiliza hawezi hata kumwita mtu. Mama auzaye samaki hubaki "mwanamke mmoja", na papa asukumaye chukudu hubaki picha. Chukudu hiyo, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, imejengewa hata sanamu mjini, na kila mgeni huistaajabia. Sisi tungependa kujua imebeba viazi vya nani, vimetoka kijiji gani, na msukumaji atalipwa nini akifika sokoni. Maswali hayo huulizwa kwa Kiswahili, na majibu yake hayatakuja kwa Kiswahili sanifu.

Hapo ndipo wahariri nao wanapoingia lawamani. Maneno ya mwenyeji yaliyo ndani ya alama za usemi husahihishwa, "banakuya" ikawa "wanakuja", na mtu wa Goma akatoka kitabuni akizungumza kama mtangazaji wa redio. Mwandishi wa makala haya amekwisha kufanya hivyo katika insha ya mwanafunzi, kwa kalamu nyekundu, na alama akazipunguza.