Sinema ya Daktari wa Panzi

Mwaka 2015 Bwana Thierry Michel, Mbelgiji, alitoa sinema juu ya Daktari Denis Mukwege na hospitali ya Panzi, hapa Bukavu. Aliitunga pamoja na Bibi Colette Braeckman, mwandishi wa magazeti. Jina lake ni L'homme qui répare les femmes, yaani mtu atengenezaye wanawake. Septemba ya mwaka huohuo serikali iliikataza, ikisema kwamba yalitukana jeshi, Oktoba ikairuhusu. Basi wengi waliijadili kabla ya kuiona. Sisi tuipime yenyewe.

Sifa yake ya kwanza ni hii: haifanyi mchezo na machozi ya watu. Wanawake walioteswa wanasema wenyewe, nasi twawasikiliza. Milima yetu na ziwa vyaonekana vizuri mno, na uzuri huo wazidisha uchungu. Yafaa tukumbuke pia Lemera, ambako Daktari Mukwege alikuwa akitibu. Oktoba 1996 wagonjwa na wauguzi waliuawa humo hospitalini, na mwezi uleule Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa mjini mwetu. Panzi ilianza 1999, ili akina mama wazae salama. Vita vikailetea majeruhi wa namna nyingine.

Lakini twaona upungufu mmoja. Wanawake waliobakwa hutibiwa Panzi bure. Wagonjwa wengine hulipa, kama ilivyo katika hospitali nyingi za Kongo, na asiye na kitu huchelewa kwenda kwa daktari mpaka ugonjwa umekomaa. Je, hiyo bure hulipwa na nani? Uzi wa kushonea, dawa, chakula, mshahara wa muuguzi wa usiku, vyote vina bei. Sinema yapita hapo upesi, ikirudi daima kwa mtu mmoja. Msamaria mwema naye alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Bila hizo majeruhi asingelala ndani. Kutibiwa bure ni kulipiwa na mwingine. Kwa Panzi sehemu kubwa hutoka kwa wafadhili wa ng'ambo, na mfadhili aweza kuchoka.

Jibu tunalo karibu. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba ya daktari, mlinzi wake akauawa, naye akaenda Ulaya. Akina mama wa Idjwi, maskini kabisa, wakauza matunda na mboga ili wapate nauli ya kumrudisha. Januari 2013 akarudi. Hao hawakungoja tajiri.

Basi, wazazi, itazameni, ila watoto wadogo wasiione. Mkisha kuitazama msipige makofi tu. Mtaani kwako yuko mama mwenye homa asiyeweza kulipa kadi ya zahanati. Huyo hatapigwa picha na mtu. Nani atamwuzia mboga?