Mbolezi na Yasiyosemeka

Mbolezi ikichapishwa katika karatasi ya 102/3 huwa imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya maana yake. Matangani, fanani hukatiza mshororo kwa kwikwi, hadhira ikapokea kwa kilio. Miongoni mwa Waisukha na Waidakho, isukuti hupigwa mazishini pia, na ngoma husema yaliyoushinda ulimi.

Kwa hivyo, mtahiniwa, usikomee kutaja takriri na nidaa. Jiulize: mbona neno hili linarudiwa? Mara nyingi ni kwa kuwa mfiwa hana jingine la kusema. Nawe mwalimu, waimbishe wanafunzi mbolezi kabla ya kuichambua. Bila kuisikia, hoja zao kuhusu uwasilishaji zitabaki orodha tupu ya kukariri.