Tyubu ya Lori Chini ya Mausi

Meza nyingi za stesheneri huku Kimandolu, Arusha, zimewekewa kioo. Chini ya kioo utakuta kalenda, sampuli za picha za pasipoti, na bei za kuprinti na kutoa kopi. Kioo kinapendeza, na kiangazi vumbi likizidi unapitisha kitambaa mara moja tu meza inang'aa. Tatizo ni mausi. Ukiiweka juu ya kioo, mshale unaruka, unaganda, au unakimbilia pembeni mkono ukiwa umetulia.

Dawa niliyonayo mezani kwangu ni kipande cha tyubu ya lori kilichovikwa kitenge, kazi ya fundi wa mtaani anayetengeneza katambuga, viatu vya matairi. Kimechakaa na nyuzi za pembeni zimeanza kuchomoza, lakini nakipenda kuliko kifaa chochote nilichonunua dukani. Nakichambua hapa kwa sababu hakuna hatua ambayo fundi aliifanya kwa kubahatisha.

Tuanze na mausi yenyewe. Ya kwanza kabisa, iliyoundwa na Bill English mwaka 1964 kwa wazo la Douglas Engelbart huko California, ilikuwa kibao cha mti chenye magurudumu mawili ya chuma chini yake. Baadaye zikaja za kigololi, zilizohitaji sehemu yenye mkwaruzo ili kigololi kizunguke kisiteleze. Mwaka 1999 Microsoft ikaingiza sokoni IntelliMouse Explorer, ambayo badala ya kigololi ina taa nyekundu na kamera ndogo inayopiga picha 1,500 kwa sekunde. Taa inamulika kwa ubavu ili kila uzi na kila kijinundu kitupe kivuli. Mausi inalinganisha picha moja na inayofuata, inajua mkono umeelekea wapi. Kwenye kioo safi hakuna vijinundu. Mwanga unapenya mpaka kwenye kalenda iliyo chini, mbali na pale lensi inapoona vizuri. Zipo mausi zinazosoma kioo, Logitech ilizitoa mwaka 2009, ila zinataka kioo cha unene wa milimita 4 au zaidi, na bei yake si ya stesheneri ya kawaida.

Fundi alichagua tyubu ya lori, akaziacha za bodaboda ambazo zimejaa kwa mafundi pancha. Tyubu imepinda kwa urefu na kwa upana pia. Kipande cha tyubu nyembamba kitajikunja kila ukikilaza. Ya lori ni pana, mpindo wake ni mdogo, na kitambaa kikishagandishwa unatulia. Tena aliuweka upande wa nje wa tyubu juu. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Kikikaa hivyo, mpindo uliobaki unasukuma kingo chini, zinabana meza. Angegeuza, pembe zote nne zingeinuka na mausi ingekuwa inajikwaa humo kila saa.

Tyubu nyingi za lori ni za mpira wa butili, uliovumbuliwa Marekani mwaka 1937 na wakemia wa Standard Oil. Sifa yake kubwa ni kushika upepo. Mezani faida yake ni nyingine: haupasuki haraka kwa hewa na jua kama mpira wa asili, na unang'ang'ania kioo bila kuteleza. Adui yake ni grisi na petroli, ambazo huuvimbisha.

Kuhusu gundi, alifuata utaratibu wa kuziba pancha. Aliosha kwa sabuni ule unga mweupe wa ndani ya tyubu, akakwaruza upande wa juu kwa msasa, akapaka solusheni nyembamba kwenye mpira na kwenye kitambaa, kisha akasubiri. Alikuwa anagusa kwa mgongo wa kidole. Solusheni ilipoacha kunata, ndipo akalaza kitenge kuanzia kati kwenda nje na kukikandamiza kwa chupa. Wenye haraka huharibu hapa. Gundi ikizidi inapenya hadi juu ya kitambaa na kukauka kama doa linalong'aa, na mausi ikipita hapo inarudia wazimu wake wa kwenye kioo. Kitenge nacho kilikuwa kimefuliwa mara nyingi. Kipya kingesinyaa baadaye na kukunja mpira. Wapo wanaohofia maua ya kitenge yataichanganya kamera. Haichanganyikiwi, kwani inachosoma ni mpangilio wa nyuzi.

Pedi ya sponji ya dukani huanza vizuri, halafu sponji inabonyea na kitambaa kinabanduka pembeni. Hii yangu imechakaa kwa namna nyingine. Upande wa kulia pametokea duara la ukubwa wa kiganja, rangi imefifia, manyoya ya pamba yameisha, na mausi inapita kwa wepesi ambao haikuwa nao mwanzoni. Jasho likijaa na kuanza kung'aa, nakifua kipande kwa sabuni na kukianika kivulini.

 

Siku kitenge kitakapotoboka, mpira utakuwa bado mzima. Kitabanduliwa taratibu kuanzia pembeni, gundi ya zamani itaondolewa kwa msasa bila kuigusisha petroli, na kingine kilichofuliwa vya kutosha kitalazwa mahali pake.