Tembo Katika Maandishi ya Kichina: Maoni Juu ya Orodha Moja ya Msamiati

Utangulizi

Lugha ya Kichina si ngeni tena katika nchi yetu. Wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975, wafanyakazi wengi Watanzania waliokota maneno yake kazini. Mwaka 2013 Taasisi za Confucius zilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mafunzo yakapata utaratibu. Hata hivyo, si wote wanaojifunza lugha hii walio vyuoni. Mjini Songea, kama katika miji mingine yetu, pikipiki, pampu za maji na vipuri vingi huuzwa vikiwa na maandishi ya Kichina, na wako vijana wanaojitahidi kuyasoma kwa kutumia orodha za msamiati zinazonakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono.

Makala haya yanachunguza orodha moja ya namna hiyo, isiyo na jina la mtungaji. Hatutaichambua yote. Tutachukua neno moja tu, nalo ni tembo, kwa sababu mnyama huyu hahitaji kuelezwa kwa mwenyeji wa Mkoa wa Ruvuma. Wilaya za Namtumbo na Tunduru zimo katika ushoroba unaounganisha Pori la Akiba la Selous na Hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, na tembo huvuka mto Ruvuma huku na huko. Mwanafunzi anayemfahamu mnyama kiasi hicho ana haki ya kufundishwa vizuri jina lake.

Tuanze kwa kutoa sifa inayostahili. Mtungaji ameonyesha toni kwa uangalifu, jambo ambalo wasemaji wa Kiswahili hulisahau kwa urahisi, na ameonyesha pia mfuatano wa mistari katika kuandika. Kasoro zake zimo katika upande wa Kiswahili.

Herufi au hanzi?

Orodha hii inaziita alama za Kichina "herufi". Istilahi hiyo haifai. Herufi huwakilisha sauti, nayo peke yake haina maana. Herufi "t" haimaanishi chochote mpaka iungane na nyingine. Alama ya Kichina, kwa kawaida, huwakilisha silabi nzima pamoja na maana yake. Wachina wenyewe huiita hanzi. Neno hilo linaingia katika matamshi ya Kiswahili bila shida yoyote, na tunaweza kusema hanzi hii, hanzi hizi, kama tulivyolichukua neno "herufi" lenyewe kutoka Kiarabu. Tunapendekeza lizingatiwe.

Umbo lake

Hanzi ya tembo ni 象, nayo husomwa xiang kwa toni ya nne, yaani ya kushuka. Kwa kanuni ya sasa ya China ina mistari 11. Katika maandishi ya kale kabisa, yaliyochongwa juu ya mifupa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ilikuwa picha ya tembo aliyesimamishwa wima, mkonga juu na mkia chini. Wakati huo tembo waliishi hata katika bonde la Mto Manjano. Leo tembo wa porini nchini China wamebaki mkoani Yunnan tu, kusini kabisa.

Orodha inamhimiza mwanafunzi atafute mkonga na miguu katika kila mstari. Njia hiyo husaidia siku ya kwanza, lakini haimfikishi mbali. Hanzi nyingi hazikutokana na picha, bali zimeungwa kwa sehemu moja inayodokeza maana na nyingine inayodokeza sauti. Mfano uko karibu: ukiongeza alama ya mtu ubavuni mwa tembo unapata 像, ambayo pia husomwa xiang, na maana yake ni kufanana au sanamu ya mtu. Katika mpango wa kurahisisha maandishi wa mwaka 1964 hanzi hizi mbili ziliunganishwa. Mwaka 1986 zikatenganishwa tena. Wanaistilahi wa China, basi, nao wana migogoro yao, na tembo huyu amewasumbua kwa muda mrefu.

Ukoo wa maneno

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba orodha inaeleza 象 kwa neno moja, "tembo", kisha inaishia hapo. Maneno mengine yenye hanzi hiyo hiyo yametawanywa katika kurasa mbalimbali, kana kwamba hayajuani. Mwanafunzi anageuzwa kuwa mmoja wa wale vipofu wa hadithi inayojulikana sana na Wachina, waliompapasa tembo kila mmoja mahali pake: huyu akashika sikio, yule mguu, na hakuna aliyemjua tembo.

Ukweli ni kwamba 象 hubeba pia maana ya sura, umbo au mwonekano. Mwanafalsafa Han Fei, wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliieleza hivi: watu ni nadra kumwona tembo aliye hai, hivyo huchukua mifupa ya aliyekufa na kwa hiyo humwazia mzima; ndiyo maana kila wanachokiwazia watu huitwa xiang. Wataalamu wengine wa maandishi huona kwamba maana hiyo ya pili iliazima hanzi kwa ajili ya sauti tu. Vyovyote iwavyo, ukoo wenyewe upo, na mwanafunzi anaufaidi akiuona mahali pamoja:

气象 qixiang, "sura ya hewa", yaani hali ya hewa.
现象 xianxiang, "sura iliyojitokeza", yaani jambo linaloonekana kutokea.
印象 yinxiang, "sura iliyopigwa muhuri", yaani picha ibakiayo akilini.
想象 xiangxiang, "kufikiri sura", yaani kuwazia kitu kisichokuwapo.
抽象 chouxiang, "sura iliyochomolewa", yaani -a dhahania.
对象 duixiang, "sura iliyo mbele yako", yaani mlengwa. Na katika mazungumzo ya kila siku, mchumba.
象棋 xiangqi, sataranji ya Kichina, ambamo tembo, kinyume cha tembo wetu wa Ruvuma, haruhusiwi kuvuka mto.

Katika orodha tunayoichunguza, qixiang imeelezwa kuwa "meteorolojia" na yinxiang kuwa "impresheni". Ni dhahiri kwamba mtungaji amepitia Kiingereza kwanza. Mkulima wa mahindi wa Songea husikiliza taarifa ya hali ya hewa redioni kila msimu. Kwa nini aelezwe kwa neno asilolijua jambo analolijua? Maneno "hali ya hewa" yako karibu mno na "sura ya hewa" ya Wachina kuliko neno lolote la Kizungu.

Jino na pembe

Tunafikia mahali ambapo kosa la istilahi linaweza kuleta madhara. Orodha inaeleza 象牙 xiangya kuwa "pembe". Ukurasa mwingine inaeleza 角 jiao, nayo, kuwa "pembe". Hanzi 牙 ni jino. Wachina huita xiangya jino la tembo, na elimu ya wanyama inakubaliana nao, kwani ni meno ya mbele ya taya la juu. Jiao ni pembe hasa, kama ya ng'ombe, na pembe ya faru huitwa 犀角 xijiao.

Kiswahili cha biashara kimesema "pembe za ndovu" tangu zamani. Al-Masudi, katika karne ya 10, aliandika kwamba bidhaa hiyo ilitoka nchi ya Zanj kwenda Oman, na kutoka huko ikaenda India na China. Katika karne ya 19 misafara ya Wayao, ambao humwita tembo ndembo, iliichukua kutoka pande za Ziwa Nyasa hadi Kilwa. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na maneno yao: buri kwa lile kubwa, kalasha kwa lile dogo. Maneno hayo ni urithi na yasipotee katika kamusi zetu.

Lakini leo bidhaa hiyo ni ushahidi mahakamani. Tembo wa Tanzania walipungua kutoka zaidi ya 100,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014, na China ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa mwaka 2017. Mkalimani aliyejifunza kwa orodha hii, akisikia xiangya au xijiao, atasema "pembe" kwa yote mawili, na hakimu hatajua kama aliyeuawa ni tembo au faru. Kwa hiyo tunashauri xiangya iwe "jino la tembo", kama magazeti yetu mengi yanavyoandika tayari, na jiao ibaki "pembe".

Hapo tutapata faida nyingine. Wachina walilichukua neno jiao kutoka kichwani mwa mnyama wakalipeleka katika hisabati: umbo la pembe tatu huitwa 三角形 sanjiaoxing. Nasi tulifanya vivyo hivyo tuliposema pembetatu. Lugha mbili zisizo na undugu zilipita njia moja, na mwanafunzi wa Songea anaweza kuvuka kutoka moja hadi nyingine bila kulipia nauli ya Kiingereza.

Hitimisho

Mtungaji wa orodha hii amefanya kazi ya kujitolea, na vijana wa Songea wamenufaika nayo. Tunamshauri, na wengine wanaotunga kama yeye, wazingatie mambo matatu: hanzi isiitwe herufi, maneno ya hanzi moja yapangwe pamoja, maana ya kila sehemu ikielezwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kilinganishwe na Kichina uso kwa uso. Lugha inayofundishia nyingine hulazimika kujichunguza yenyewe. Tusipoifanya kazi hiyo, Kiswahili kitabaki safu ya tatu katika orodha, kikitafsiri tafsiri.