Heko, Mama Ntilie wa Tukuyu

Mgeni akiniuliza ale wapi Tukuyu, namwelekeza kwa mama ntilie wa karibu na stendi.  Wanaoulisha mji huu ni akina mama hawa, na wanastahili pongezi za dhati. Mvua ya hapa Rungwe hainyeshi kwa adabu, lakini alfajiri moto umeshawaka. Agiza ndizi mbalaga: zimeiva hadi zinakatika kwa kijiko, mchuzi mzito umezishika, parachichi limekatwa pembeni. Wali ni wa mchele wa Kyela, harufu yake inakufikia kabla ya sahani. Ukimaliza, mama atakuuliza, "Nikuongezee mchuzi, mwanangu?" Kubali.